Sola Itawekwa Ukishaondoka

Mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sina haja ya kuiuliza. Umelala upande wa pili wa ukuta huu, begi lako limefungwa tangu saa tisa mchana, na hali uliyonayo kwa sehemu kubwa nimeitengeneza mimi. Yangu ni njema. Hapo ndipo penye aibu, kwamba miaka yote hii nimekula nikashiba, nimelala nikakoroma, na watu wa hapa Lituhi wananihesabu kuwa mama mwema.

Habari za kula kwa wakati, kusali, na kuwakwepa wanaume wa Songea, bibi yako amekwisha kukupa mara tatu, na mara ya nne atakupa kesho ukiwa mguu mmoja ndani ya basi. Mimi nina jambo moja tu. Nitazunguka kabla ya kulifikia, kwa sababu mimi ni mwoga, jambo ambalo hukulijua kwa kuwa mdomo wangu ni mkubwa. Jina lako sikuliandika hapo juu kwa makusudi. Nitaliandika nikifika mwisho, kama nitafika.

Ni habari ya sola.

Jumapili ulikuwapo. Tulikaa sebuleni baada ya misa: baba yako, bibi yako, baba yako mdogo aliyeshuka kutoka Mpepai, mdogo wako Mathei, wewe na mimi. Shauri lilikuwa tuweke sola juu ya bati au tungoje nguzo za umeme. Nguzo zimefika barabarani. Upande wetu wa ziwani zimekuwa zinakuja tangu Mathei hajaota meno. Bibi aliuliza kama nyumba hii imewahi kulala njaa kwa kukosa taa. Baba mdogo alisema ukishaweka sola, wale wa umeme wakija kuandika majina watakuruka, watasema huyu amejitosheleza. Mathei alitaka kujua kama itawasha televisheni. Mimi nilitaka friji la kugandishia samaki, na nililisema mara mbili ili lisisahaulike.  Wewe ulisimama pale mlangoni, mikono nyuma, kama kawaida yako.

Ndipo baba yako alipokata shauri. “Basi, tunaweka. Ila tungoje kwanza Mchanga apande gari. Nitamwambia fundi aje Alhamisi.”

Watu walicheka wakikutazama wewe. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Wewe nawe ulicheka, ukasema, “Kweli baba, hata ningekuwa mimi ningengoja.” Na mimi nilicheka kuwazidi wote, kisha nikainuka kwenda kupakua samaki. Nyumba yako mwenyewe inangoja uondoke ndipo iwashe taa, na mama yako anapakua samaki. Tangu siku ile nakisikia kicheko changu. Ninapochota maji nakisikia, na leo nilipokuwa nakukunjia mashuka nilikisikia pia.

Kisa chenyewe kijiji kizima kinakijua. Kinasimuliwa kisimani na kwenye harusi, na kila anayekisimulia anakisimulia kama nilivyokisimulia mimi. Sasa kaa nikupe kilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka tisa. Nyumba ilikuwa ya nyasi bado. Baba yako aliuza kahawa ya shamba la babu yako kule juu, akarudi kutoka Mbinga na sola ndogo, uso wake wa plastiki, na betri ya gari, na globu mbili. Sisi ndio tuliokuwa wa kwanza upande huu kuwa na taa. Juu ya nyasi haikuweza kukaa, na baba yako aliogopa wezi, kwa hiyo kila asubuhi ilitolewa nje na kila jioni ikaingizwa ndani kama mbuzi. Na nje iliwekwa wapi? Juu ya kichanja cha usipa. Hakuna mahali pengine kwetu panapopata jua kutwa nzima. Sola ililala pale katikati ya samaki, ikapata magamba, ikapata mafuta, nzi wakatembea juu yake. Baba yako ni mtu wa milimani. Kwao juu ya kichanja huanikwa kahawa, na kahawa haina magamba. Alilalamika, mimi nikamwambia hili ni ziwa, mume wangu, hapa hata Biblia inanuka usipa.

Mwezi wa sita alipanda Mpepai kuvuna. Aliniachia agizo moja. Betri ina vifuniko sita. Maji yakipungua ongeza maji ya betri, yale ya kwenye chupa, na si mengine. Alirudia: na si mengine. Chupa yenyewe niliimwaga nusu siku ya kwanza kwa kutaka kuona maji hayo yana nini cha ajabu. Hayakuwa na kitu, hata harufu. Nusu iliyobaki ikaisha wiki ya pili. Wiki ya tatu nilifungua vifuniko nikaona ndani pamekauka. Nilichukua kikombe nikachota mtungini. Maji ya ziwa ndiyo tunayokunywa, ndiyo tuliyobatizwa nayo. Nilijiambia yakimfaa padri yataifaa na betri. Nikajaza matundu yote sita mpaka yakafurika, na maji mtungini yalikuwa yamebakia chini kabisa, pale panapokaa mashapo.

Siku chache baadaye taa ikawa nyekundu, kisha ikawa ya kuonea mkono wako tu. Nilijua. Mtu akiharibu kitu hujua, hata kama hajui amekiharibu vipi. Lakini nilijisemea ni ule uchafu wa samaki uliokuwa juu ya sola, na asubuhi nikakuita wewe uliyekuwa unaelekea ufukweni na vyombo.

Hapa lazima niseme kuhusu sufuria, maana huko Songea hakuna atakayekuelewa. Kwetu sisi msichana hupimwa kwa sufuria zake. Mama mkwe akija kuchunguza nyumba haangalii kitanda, anaangalia kichanja cha vyombo, anaangalia matako ya sufuria kama yana masizi. Mimi niliolewa kwa sufuria. Nilikufundisha tangu una miaka mitano kuchuchumaa penye maji ya kifundo, kuchota mchanga mweupe ulio laini, kuchanganya na majivu na kusugua kwa kuzungusha. Ukirudi na doa moja nilimwaga vyombo vyote mchangani ukaanza upya. Siku ambayo vidole vyako vilichubuka nilikuambia damu inaosha pia. Neno langu lilikuwa moja siku zote, na unalikumbuka: isugue mpaka nione uso wangu.

Asubuhi ile nilikuwekea sola juu ya sufuria. Nikasema, “Na hii ya baba yako. Isugue mpaka nione uso wangu.”

Ulikwenda. Ulikaa huko kuliko siku nyingine zote. Uliporudi uliibeba peke yake kichwani, umeifunika kanga ili isipate vumbi la njiani, na vyombo ukaviacha kwa wenzako kwanza. Ulikuwa unatabasamu. Uliifunua ukaniambia, “Mama, angalia. Unajiona.”

Nilitazama. Uso wa sola ulikuwa umekuwa mweupe, umefunga ukungu kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Mikwaruzo yote ilikuwa ya mduara, safi, kama nilivyokufundisha. Na nitakuambia nilichosikia moyoni, kwa sababu hiki ndicho kinachonifanya nisiweze kumtazama padri. Sikusikia hasira. Nilisikia nafuu. Nilijua papo hapo kwamba nimepata mahali pa kulitua lile langu.

Kisha nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Jina nilikupa mimi. Watu wanadhani ni baba yako au ni wavuvi. Ni mimi, siku ileile, ufukweni, mbele ya wanawake waliokuwa wanaanika usipa. Nilisema, “Huyu si mtoto tena, huyu ni mchanga mtupu, hapa ndani hatuna kitu kitakachopona.” Walicheka, na mimi nikaona kwamba wakicheka hawaulizi. Nikarudia kesho yake. Baada ya wiki hakuna aliyekuita jina la ubatizo, hata mwalimu. Mimi mwenyewe wakaanza kuniita Mama Mchanga, na nikaitika, kwa kuwa sikuwa na namna.

Baba yako aliposhuka nilimwambia, “Muulize mwanao.” Alikuuliza. Ukasema mama aliniambia niisugue. Akanigeukia, na mimi nikasema nilimwambia aipanguse. Kupangusa na kusugua, mwanangu. Uliniangalia mara moja. Ulikuwa unangoja niseme lile neno la uso wangu, na sikulisema, na wewe ukatazama chini. Tangu siku hiyo hukuwahi kunibishia. Majirani walinisifu kwa kulea mtoto mtiifu.

Baba yako alimleta fundi, yule mzee Komba, kuangalia kama kuna la kuokoa. Baba yako akatoka kwenda kumtafutia samaki wa chakula cha mchana, na wewe nilikutuma kuni, mbali. Fundi aliiweka sola juani, akaweka kipimo chake, akaguna. Akafungua betri. Akachovya kijiti, akakitazama, akakisugua kati ya vidole viwili. Kisha akanitazama mimi.

“Mama, hii sola inaona vibaya lakini inaona. Iliyokufa ni betri. Mmeinywesha nini?” Akanionyesha kidole. Kulikuwa na punje nyeupe za mchanga wa ziwa, za kutoka chini ya mtungi wangu.

Sikulia. Nilimfungia usipa, wale wakavu wazuri niliokuwa nimemwekea mama yangu, nikamwomba amwambie mume wangu kwamba vyote viwili vimekufa kwa sababu ya kusuguliwa. Alisita. Alisema mtoto ni mdogo. Nikamwambia kwa hiyo atasahau. Alichukua usipa wake akaondoka, na mimi nikadhani ameondoka na siri yangu ndani ya kile kifurushi.

Baada ya hapo nilipaswa kukuonea huruma. Lakini mtu uliyemdhulumu ni mgumu kumtazama, na mimi nilikukasirikia kwa kuwapo. Nikakupiga marufuku kushika vitu. Redio usiguse. Simu ya baba yako usiguse. Baiskeli usiguse, chemli usiguse. Vyombo peke yake ndivyo ulivyoruhusiwa, kwa sababu hivyo havikuweza kuharibika, na nilikuwa nataka ving'ae. Mathei alikuwa anatambaa wakati huo. Siku moja ulitaka kumbeba, mbele ya wageni, nikasema, “Usimguse, utamkwangua.” Wageni walicheka. Nilipoona wamecheka nikaifanya kuwa amri. Ukawa unamwimbia ukiwa mbali, umekaa juu ya mikono yako mwenyewe.

Na sasa jambo la mafiga. Nilitaka kuliruka. Nimeandika mstari, nikaufuta, nikauandika tena.

Nilikuwa nje napepeta. Mathei alitambaa kuelekea jikoni, na wewe ulikuwa humo ndani, hatua mbili kutoka kwake. Nikakusikia unaita “Mama, mama, Mathei, mama.” Uliita mara nyingi. Nilidhani mnacheza. Nilipoingia alikuwa ameshaweka mkono juu ya figa, na wewe ulikuwa umesimama pale pale, machozi yanakutoka, mikono umeifunga nyuma yako unaishikilia yenyewe isiponyoke. Nilimtoa mtoto motoni. Kisha nikakupiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Nilikuwa napiga nikiuliza kwa nini hukumshika, kwa nini hukumshika, na wewe hukuthubutu kunijibu jibu ambalo sote wawili tulilijua. Nilikupiga kwa kunitii.

Lile kovu la Mathei, lile unaloliomba radhi kila unapomfulia shati, si lako. Uache kuliomba radhi. Yeye mwenyewe ameshachoka, anasema dada ananiudhi.

Mwaka jana ulipata nafasi ya uuguzi. Ndugu walishangilia, bibi yako akawa anamwambia kila mtu kwamba atakufa mikononi mwa mjukuu wake. Ukaikataa. Ukachagua kozi ya masijala, kutunza mafaili. Baba yako alikuuliza sababu na wewe ukasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, kwamba unataka kazi ambayo ukikosea unafuta. Alikubali, akaona ni akili. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya kinu. Nililia huko, kidogo, kisha nikarudi kupika. Sikuambii ubadili kozi. Mafaili yanahitaji watu. Nataka tu ujue kwamba ule woga ulionao si tabia yako, hukuzaliwa nao. Ulizaliwa unashika kila kitu. Ulipokuwa na miezi minane ulimshika paroko pua.

Sasa nikwambie kwa nini naandika leo. Jioni, kabla ya chakula, baba yako alikuwa sebuleni anapanga nyaya mpya alizonunua Mbinga, ananionyesha ipi ya juu ya bati na ipi ya jikoni. Alikuwa na furaha. Aliniambia safari hii betri ni ya aina nyingine, haitaki maji kabisa. Nikaona hiyo ndiyo nafasi, na nikajua nisipoisema leo sitaisema mpaka nazikwa. Nikamwambia. Nilimwambia kikombe, mtungi, matundu sita, usipa niliompa fundi. Nilisema yote nikiwa nimesimama.

Hakuacha kupanga nyaya. Akasema, “Najua. Komba aliniambia mwaka uleule.”

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akafikiri. Baba yako si mtu wa kujibu haraka, unamjua. “Ningefanyaje? Ningekugombeza wewe, mama yako angekuja kukuchukua. Mtoto hana pa kwenda.”

Nilisema basi tumwambie sasa, kabla hajaondoka. Akazungusha waya mkononi, akaufunga vizuri na uzi.

“Mwache aende salama. Ameshazoea.”

Hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Nilidhani nina siri, kumbe nina mwenzangu. Miaka yote alipokuita Mchanga mezani, alijua. Jumapili aliposema tungoje kwanza upande gari, alijua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu kwa sababu tulikuwa wawili na tulikutembeza wewe mbele yetu.

Simchukii kwa hilo, sina haki. Ila nimemtazama kwa saa nzima akila ugali, na nimeelewa kwamba ukatili mkubwa hauhitaji mtu mbaya. Alikuwa anakula polepole, akanibakizia kipande cha samaki cha tumbo kwa sababu anajua nakipenda.

Huko unakokwenda utakuwa mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku moja faili litapotea. Watatafuta, watachoka kutafuta, kisha wataanza kutafuta mtu. Watamtazama yule mpya aliyesimama mlangoni na mikono nyuma. Na wewe utasema samahani kabla hujaulizwa, nakujua, umesema samahani hata kwa mbuzi. Wataipokea samahani yako kama nilivyoipokea mimi, kwa nafuu kubwa. Hawatakuwa watu wabaya. Watakuwa watu walio na kikombe chao mahali fulani. Sikufundishi namna ya kujitetea, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha kutojitetea na siwezi kuwa mwalimu wa masomo mawili. Nakuomba tu, siku hiyo, kabla hujafungua mdomo, uulize betri ilinyweshwa nini. Uliza kwa adabu, shikamoo yako iwe mbele. Lakini uliza.

Msamaha siombi. Ukinipa utanipa haraka, kwa mazoea, kama unavyonipa kiti nikiingia. Sitaki huo. Ukikaa huko miaka mitano bila kunipigia simu nitajua umenielewa.

Alhamisi fundi atakuja. Si Komba, Komba amekufa, ni mwanawe. Watapanda juu ya bati, majirani watakusanyika kuangalia, na kutakuwa na mtu wa kusema afadhali Mchanga hayupo. Kutakuwa naye, kwa sababu mzaha huo wote wanausubiri. Hapo ndipo nimeapa kusema mbele yao ni nini kilichoua betri ya kwanza. Nimeapa, lakini usiniamini. Nimewahi kuapa na nikapakua samaki. Ijumaa mpigie bibi yako simu, umuulize kama mama alisema. Yeye hajui kusema uongo, anasahau katikati. Akikuambia sikusema, basi barua hii ihesabu kuwa kikombe kingine cha maji ya ziwa, na uichome.

Friji nimemwambia baba yako silitaki. Amesema nimechanganyikiwa na uchungu wa mtoto kuondoka.

Limebaki la kesho. Kesho kituoni sitasema kitu. Najijua. Kutakuwa na watu, bibi yako atakuwa analia, kondakta atakuwa anapiga bodi, na mimi nitarekebisha kanga yako begani na kuuliza kama maji ya kunywa umechukua. Baba yako atakuinulia begi. Atakuwa na huzuni ya kweli, anakupenda, na kwa kuwa ana huzuni atafanya mzaha. Atakuita kwa lile jina akutakie safari njema, na watu watacheka kwa upole, na wote watakutazama wewe wangoje ucheke.

Usiitike. Panda ukae, tazama mbele. Aite mara ya pili, usiitike. Wakisema mtoto amekuwa na kiburi kabla hata hajafika Songea, waache waseme. Na ikiwa ni mimi ninayekuita, kwa woga, ili kuziba ule ukimya, mimi hasa usiniitike. Mikono yako iweke juu ya magoti, mahali watu wote wataiona.

Barua hii nimeiweka ndani ya sufuria ndogo unayokwenda nayo, chini ya kifuniko, ambayo alfajiri utaifunua kutia chakula cha njiani. Ina doa la masizi ubavuni. Nimeliona na nimeliacha.

Jina lako ni Skolastika. Nilikupa mimi, siku uliyozaliwa, kabla sijakupa lile jingine. Hilo ndilo jina lako, Skolastika, na kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii aliyewahi kuwa mchanga.

Mama yako